Gurudumu Kubwa Mbele, Dogo Nyuma: Pima Kwanza, Panda Baadaye

Baiskeli yenye magurudumu ya vipimo tofauti huendeshwa vizuri, na kwenye njia za mawe na mizizi mimi huipendelea, mradi gurudumu kubwa liwe mbele na vipimo vichukuliwe kwa makini. Yangu ina inchi 29 mbele na inchi 27.5 nyuma. Gurudumu kubwa hupanda kikwazo kwa wepesi kwa kuwa hukikuta kwa pembe isiyo kali, ilhali lile dogo humwachia mwendeshaji nafasi ya kurudisha mwili nyuma kwenye mteremko bila kuguswa na tairi.

Usiziamini inchi pekee. Tafuta ubavuni mwa tairi namba mbili zenye kistari kati yake, kwa mfano 57-622: ya kwanza ni upana wa tairi, na ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha sehemu ya ringi ambapo tairi hukaa. Tairi la inchi 29 ni 622 na la 27.5 ni 584. Tairi la 26 la baiskeli za milimani ni 559, lakini lile la 26 × 1 3/8 ni 590, na hayo mawili, ingawa yote huitwa 26, hayaingiliani kabisa.

Ukiichukua fremu iliyoundwa kwa magurudumu mawili ya 622 na kuweka 584 nyuma, ekseli ya nyuma hushuka milimita 19 ikiwa matairi yana unene sawa. Fremu nzima huinamia nyuma kwa takriban digrii moja, foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) hulala zaidi, na mhimili wa pedali hushuka kwa zaidi ya sentimita moja. Hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu pedali iliyoshuka hugonga jiwe au ardhi kwenye kona na inaweza kumwangusha mtu akiwa katika mwendo. Tairi nene zaidi nyuma, au kranki (mikono inayobeba pedali) fupi, hurudisha sehemu ya kimo kilichopotea. Kiti nacho kisogeze mbele kidogo na uinamishe ncha yake. Mimi nilipofanya hivyo, kupanda vilima kulikuwa kwepesi tena.

Breki za diski hazibadiliki. Breki zinazobana ringi ni habari nyingine: vibano vyake haviifikii ringi ndogo, na hapo hakuna cha kujaribu wala kukadiria, mpango huo uachwe.

Gurudumu dogo mbele sishauri, isipokuwa kwenye baiskeli za mizigo ambazo fremu zake zilisanifiwa hivyo tangu mwanzo ili mzigo ukae chini.

Safarini beba mipira ya ndani ya vipimo vyote viwili. Ukilazimika kubeba mmoja, chukua wa 27.5, kwani hutanuka kiasi cha kutosha kukufikisha nyumbani ukiwa ndani ya tairi la 29.