Nataka maji uani: yatapoza nyumba kweli?

Swali: Asalaam aleikum. Tunakarabati nyumba ya marehemu baba hapa Kibokoni, Mombasa. Ina ua mdogo wa ndani, mita 4 kwa 5. Nataka maji pale nyumba ipoe, na mgeni akiingia ayahisi mwilini. Fundi ashauri bwawa lenye bomba la kurusha maji juu. Mama naye anahofia mbu. Nifanyeje?

Jibu: Waaleikum salaam dada, Mungu amrehemu mzee.

Nianze na litakalokuudhi: maji hayatapoza hewa ya nyumba yako. Maji hupoza hewa yakigeuka mvuke, na hewa iliyoshiba unyevu haipokei mvuke zaidi. Penye ukavu, tuseme nyuzi 38 na unyevu asilimia 15, unaweza kuishusha hewa hadi karibu 20. Hapa kwetu, nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, ufanye ufanyavyo hushuki chini ya 27 hivi, na ukifika hapo hata jasho hukauka kwa shida. Bomba la fundi litakuongezea fukuto tu. Nyumba za Mji wa Kale zapozwa na upepo na kuta nene za matumbawe, kwa hiyo huo ua usije ukauezeka mabati.

Ila mwili ni kitu kingine. Ngozi huwa nyuzi 33 au 34, maji ya kivulini yako chini ya hapo, na maji hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko hewa. Yaweke basi mahali mtu atayagusa. Msanifu majengo Peter Zumthor, katika bafu za Vals kule Uswisi zilizofunguliwa 1996, aliweka birika la nyuzi 14 na jingine la 42 ndani ya kuta za mawe, jengo lijulikane kwa ngozi. Wewe huna haja ya kufika huko. Misikiti mingi ya kale ya mwambao ina birika la kutawadhia, na kando yake jiwe la tumbawe la kusugulia nyayo.

Fanya hivyo hivyo. Mtu anapotoka dakani, yaani kibarazani pa mlango, kuingia uani, jenga birika jembamba la kina cha nusu futi, pembeni kidogo ili asiyetaka apite pakavu. Avue viatu, akanyage tumbawe linalokwaruza, atie miguu majini, kisha atokee kwenye sakafu laini ya chokaa. Raha iko kwenye kupishana kwa miguso hiyo. Taili zinazong'aa usizikaribishe kabisa. Zitamvunja mama nyonga.

Kwa sikio, maji yadondoke kutoka kimo cha shubiri moja, uzi mwembamba, juu ya maji. Yakidondoka kwa wingi kutoka juu yatasikika kama tangi linalofurika, na kila mgeni atauliza nani ameacha mfereji wazi. Uzi mdogo hauwezi kuuzima mlio wa tuktuk njiani, lakini sikio litafuata huo uzi. Birika likipata jua la asubuhi, mwanga utacheza kwenye dari ya boriti bila gharama yoyote.

Mama ana haki. Mbu wa dengi hupenda maji safi yaliyotulia, na yai huweza kuwa mbu mzima kwa siku 8 hadi 10. Wazee walifuga samaki wadogo birikani wale viluwiluwi, nawe fuga. Stima ikikatika pampu itasimama, samaki wataendelea na kazi. Tia pia tundu la kutolea maji chini kabisa, uyamwage na kulisugua birika kila wiki. Samaki wahamie ndooni kwanza.

Maji ya kisima cha kisiwani mara nyingi yana chumvi, nayo hula nondo. Birika dogo hivi lijengwe kwa mawe na plasta isiyovuja, bila nondo, na ujazie maji ya mvua. Kabla hujammalizia fundi pesa zake, lijaze, lifunike, uweke alama ya penseli kwenye usawa wa maji, na usubiri siku 7 uone kama linavuja.