Maswali ya Wasomaji: Njia ya Mlimani Imegeuka Korongo

Swali: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha vijana wa Dodoma tunaopanda mlima ulio jirani na mtaa wetu. Kila mwaka mvua zikiisha tunajitolea kufyeka nyasi na kujaza udongo kwenye mashimo ya njia, lakini mvua za msimu unaofuata huusomba wote, na watu hukanyaga pembeni hadi njia inazidi kupanuka. Tufanyeje, na je, tunahitaji kibali?

Jibu: Udongo mnaojaza utaendelea kusombwa maadamu njia yenyewe ndiyo mfereji wa maji ya mlima. Mvua za Dodoma, ambazo kwa kawaida huanza Desemba na kukoma Aprili, ni haba, lakini hunyesha kwa kishindo juu ya ardhi iliyobaki uchi baada ya kiangazi kirefu. Wazee wa Kondoa wanalijua vyema jambo hili, kwani makorongo yaliyala mashamba hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza shimo lolote, yatoeni maji njiani. Chongeni uso wa njia ulalie kidogo upande wa bondeni, kiasi cha sentimita 5 kwa kila mita 1 ya upana, na mwondoe kile kituta kinachojijenga ukingoni, maana ndicho kinachoyafungia maji ndani. Penye mteremko mkali wekeni makinga maji ya mawe: chimbeni mtaro unaokata njia kwa mshazari, pangeni humo mawe makubwa yanayogusana, yazikwe zaidi ya nusu, na ncha ya chini itokeze nje ya njia ili maji yamwagikie majanini. Jiwe likitikisika linapokanyagwa, ling'oeni mlipange upya. Hiyo ni kazi ya sururu na mtaimbo, nasi tungeifanya mwishoni mwa Aprili au Mei, ardhi ikiwa bado na unyevu, kwa sababu kuichimba Oktoba ni kujitesa bure. Novemba mtarudi na majembe tu, kuzibua mitaro.

Sehemu inayoshuka wima msiihangaikie. Ichepusheni izunguke ubavu wa mlima, mteremko wa njia usizidi nusu ya ule wa mlima. Njia za mkato zibeni kwa matawi makavu ya miiba, ambayo huku hatuyakosi.

Kuhusu kibali, anzieni kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Mlima ukiwa ndani ya hifadhi ya msitu wa serikali kuu, mwende pia kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Na wenye nia ya kujitolea Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, wasichimbe wala kuhamisha hata jiwe moja bila idhini ya mamlaka ya mambo ya kale, kwa kuwa udongo ulio chini ya miamba ile nao una mabaki ya watu wa kale.