Uliza Tujibu: Stima ya jirani itauzwa kwa sheria gani?

Safari hii maswali karibu yote ni ya stima. Ule umoja wa gridi za Afrika Mashariki, EAPP, wenye makao Addis Ababa na ambao Uganda ni mwanachama, unaandaa soko ambapo nchi zitauziana leo stima ya kesho, saa kwa saa, na sasa watu wanabishana sheria zake ziweje. Nimechagua machache, yale ya matusi nimeyaacha.

Mhariri, nina mashine ya kusaga posho hapa Mbale. Hilo soko likianza Yaka, hii stima ya kulipia kabla, itashuka bei ama ni hadithi tu? – Mzee wa posho, Mbale

Mzee wangu nisikudanganye, haishuki kesho. Stima unayosagia inanunuliwa na UETCL, shirika la serikali la kusafirisha stima, kwa mikataba ya miaka mingi, na mikataba mingine inasema bwawa likiwa tayari kutoa lilipwe tu, hata kama hakuna aliyetumia. Sasa hesabu mabwawa mwenyewe: Karuma megawati 600, Bujagali 250, Isimba 183, hapo sijataja Nalubaale na Kiira, usiku wa manane nani anazimaliza? Hilo soko ni la kuuza zile zinazobaki. Pesa ikipatikana inaweza kupunguza ule mzigo wa kulipia stima isiyotumika, lakini lazima iandikwe kwenye sheria kwamba inarudi kwa mteja, la sivyo itapotelea njiani, si unatujua. Wenzetu wa SAPP, umoja wa gridi za kusini mwa Afrika, walianza 1995 na soko lao la siku moja mbele likaja 2009, na bado sehemu kubwa ya biashara yao ni mikataba ya moja kwa moja kati ya mashirika ya stima.

Nimesoma ati kila muuzaji atalipwa bei ya yule wa mwisho, wa ghali kabisa. Huo si wizi? Kwa nini kila mtu asilipwe bei aliyotaja mwenyewe? – Mwanafunzi, Wandegeya

Swali zuri na hata mimi zamani niliona hivyo hivyo. Mnada unaenda hivi: kila mwenye mtambo anataja bei yake kwa saa fulani, wanapangwa kuanzia rahisi kwenda ghali mpaka mahitaji yatoshe, halafu yule wa mwisho kuchukuliwa ndiye anayeweka bei ya wote. Tuseme bwawa limetaja dola 20 kwa megawati-saa, mvuke wa ardhini 60, dizeli 200. Dizeli ikihitajika, wote wanapata 200. Inauma, lakini fikiria mahindi pale Busia: mwenye shamba lenye rutuba aliyelima kwa gharama ndogo hauzi kwa bei ya chini kwa huruma, anauza kwa bei ya sokoni siku hiyo. Ukisema kila mtu alipwe alichotaja, bwawa halitataja 20 tena, litakaa likikisia dizeli itataja ngapi na litaje 190, na likikosea hesabu linaachwa nje maji yapite bure huku dizeli inaungua. Kwa hiyo mimi niko upande wa bei moja, ila kwa sharti: ukanda huu una wauzaji wachache na wengi ni mashirika ya serikali, mmoja akificha mtambo wake saa ya jioni anaweza kupandisha bei ya wote, kwa hiyo lazima awepo msimamizi mwenye meno na ukomo wa bei. Ukomo nao usiwe wa mchezo, Texas Februari 2021 wakati wa baridi kali bei ilikaa kwenye ukomo wao wa dola 9,000 kwa megawati-saa kwa siku kadhaa, watu wakaletewa bili za kutisha.

Laini ya kwenda Kenya ikijaa inakuwaje? Nani anapewa nafasi? – Fundi, Tororo

Fundi, hapa ndipo pesa ilipo na ndipo watu hawaangalii. Stima ya Jinja inavuka kwenda Kenya tangu miaka ya 1950, kwa hiyo jambo la kuvuka si geni, geni ni namna ya kugawa nafasi. Kwanza kila nchi iwe zoni yake ya bei. Laini ikiwa na nafasi bei za pande mbili zinalingana, ikijaa zinaachana, tuseme huku dola 30 kwa megawati-saa, kule 70. Ile 40 katikati ni ya nani? Ulaya sheria inawabana wenye laini waitumie kuhakikisha nafasi inapatikana, kujenga laini zingine ama kupunguza ada za mteja, na sisi tuandike hivyo hivyo kabla soko halijafunguliwa maana baadaye kila mtu atasema ni yake.

Pili, nafasi ya laini isiuzwe peke yake mbali na stima. Uingereza ilipotoka kwenye soko la pamoja la Ulaya mwanzoni mwa 2021 ilibidi warudi kuuza nafasi za nyaya za baharini kwa mnada wa kando, na njia hiyo ina ubaya kwamba mtu ananunua nafasi kabla hajajua bei, matokeo yake mara nyingine stima inatoka upande wa ghali kwenda upande wa rahisi. Mnada wa stima ugawe na nafasi humo humo. Na mwenye mkataba wa zamani asikalie nafasi asiyoitumia. Laini ya Ethiopia mpaka Suswa, Kenya, inabeba hadi megawati 2,000, mkataba wa Kenya wa 2022 ulianza na 200, hiyo iliyobaki isifungiwe mtu.

Na nchi ikiahidi megawati 100 ikaleta 60? – Afande mstaafu, Gulu

Afande, hiyo 40 inavutwa kutoka kwa jirani bila kuomba, papo hapo, ndivyo gridi ilivyo. Kwa hiyo kuna bei ya kukosea na lazima iume kuliko bei ya soko, la sivyo kila mtu ataegemea mwenzake. India walifunga bei hiyo na kasi ya mtetemo wa gridi (frikwensi), ukivuta wakati gridi imechoka unalipa zaidi, na bado Julai 2012 majimbo yalivuta kupita kiasi, ikawa moja ya sababu gridi kuanguka na watu zaidi ya milioni 600 wakakosa stima. Faini peke yake haitoshi, mwenye kuongoza gridi awe na ruhusa ya kumkata mkaidi.

Malipo ni shilingi ama dola? – Mama wa duka, Arua

Dola mama, hiyo naona haina ubishi mkubwa. Cha kubishania ni dhamana: anayetaka kununua aweke pesa kwanza, kama SAPP wanavyofanya, maana deni la shirika la serikali jirani utalidai kwa mahakama gani?