Kabla ya Kisu: Kwa Matabibu na Wauguzi Wapya wa Lamu, kuhusu Uvimbe wa Uti wa Mgongo

Ninyi mnaoanza kazi Lamu hamtapasua uvimbe wa uti wa mgongo hapa, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa Mombasa au Nairobi na madaktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu. Hata hivyo, baada ya miaka 14 ya kuwasafirisha wagonjwa hawa na kuwapokea wanaporudi, nimeamini kwamba sehemu kubwa ya matokeo ya upasuaji huo huamuliwa kwetu, siku mgonjwa anapoketi mbele yenu mara ya kwanza na kusema kwamba mgongo unamuuma. Dalili iliyo bora kuliko zote ya jinsi mtu atakavyotembea baada ya kupasuliwa ni jinsi alivyokuwa akitembea kabla ya kupasuliwa.

Wengi watakaolalamikia mgongo hawana uvimbe. Wamebeba mawe, wamevuta nyavu, au wamezeeka. Atakayewahitaji haraka ni yule ambaye maumivu humwamsha usiku na kuzidi anapolala chali, au humzunguka kifuani kama mkanda. Msimwandikie dawa kabla ya kumwinua na kumtazama akitembea. Muulizeni kama ndara humtoka mguuni bila yeye kujua. Muulizeni kama huyumba anapofumba macho kuosha uso wakati wa kutia udhu, kwani mtu ambaye uti wake, yaani ugwe wa fahamu unaopita ndani ya pingili (mifupa) za mgongo, haupeleki tena habari za miguu husimama kwa msaada wa macho, na yakifumbwa hupepesuka. Kuhusu mkojo na choo, ulizeni waziwazi lakini kwa staha, ikiwezekana mwanamke amuulize mwanamke, kwa sababu mzee wa makamo hatamwambia kijana mgeni kwamba mkojo umeanza kumsumbua.

Nilikosea mwenyewe katika mwaka wangu wa pili wa kazi. Mama mmoja msusi wa mikeka alikuja na miguu mizito, nikaomba picha ya kiuno, ikaonekana safi, nikampa dawa za maumivu na kumrudisha nyumbani. Alirudi mara tatu. Miguu yake ilikuwa imekakamaa na goti liliruka kwa nguvu nilipoligonga, nami sikuelewa maana yake. Uti huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na chini ya hapo ni mishipa ya fahamu tu. Kwa hiyo miguu dhaifu iliyokakamaa hutuambia kwamba hitilafu iko juu ya kiuno. Uvimbe wake ulikuwa kifuani, na miezi ile niliyompotezea sikuweza kumrudishia.

Wala msidhani kwamba mahali ganzi inapoanzia ndipo uvimbe ulipo, kwa kuwa uvimbe waweza kuwa pingili kadhaa juu zaidi. Mwaka 1887 jijini London, Victor Horsley alipompasua mgonjwa aliyechunguzwa na William Gowers, hakuuona uvimbe mahali alipofungua kwanza. Ilibidi aendelee kuondoa mfupa kuelekea juu ndipo akaufikia, na mgonjwa yule aliyekuwa amepooza miguu akatembea tena. Siku hizi kipimo cha MRI, yaani picha ya sumaku, huonyesha mahali hasa, ila lazima kwanza sisi tuandike katika barua ya rufaa kwamba mgongo mzima upigwe picha.

Uvimbe ulio nje ya uti lakini ndani ya utando wake, kama vile meninjioma na shwanoma, mara nyingi si saratani na huweza kutolewa wote. Hawa ndio wanaopata nafuu kubwa zaidi wakiwahiwa. Ulio ndani ya uti wenyewe ni kazi ngumu zaidi. Ependimoma mara nyingi huwa na mpaka ambao daktari huufuata kwa darubini, lakini astrositoma hujichanganya na uti, hata kuitoa yote kukawa ni kumharibu mgonjwa.

Kundi la tatu, ambalo mtalikuta zaidi, ni saratani iliyosambaa kutoka kwenye tezi dume, titi au pafu hadi kwenye pingili. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, wenye wagonjwa 101 wa aina hii, waliopasuliwa kisha wakapewa mionzi, 84 katika kila 100 waliweza kutembea baada ya matibabu, wakati waliopewa mionzi pekee walikuwa 57. Lakini waliokuwa wamepooza kabisa kwa zaidi ya saa 48 hawakupokelewa katika utafiti ule. Kumbukeni saa hizo mnapofikiria kumngojesha mgonjwa hadi Jumatatu. Pigeni simu siku hiyo hiyo, mwulizeni bingwa kuhusu deksamethasoni, dawa ya kupunguza kufura kwa uti, na mkumbuke kwamba kifua kikuu cha pingili huiga mambo haya yote.

Safari nayo ni sehemu ya tiba. Katika boti hadi gati la Mokowe, upande wa bara, mgonjwa alale bapa kwenye machela iliyofungwa vyema, na nahodha aombwe apunguze mwendo, kwani pingili iliyoliwa na saratani haivumilii kurushwarushwa na mawimbi. Mpira wa mkojo uwekwe kabla ya kuondoka ikiwa kibofu kimejaa.

Anaporudi, huenda miguu ikawa dhaifu kuliko alivyoondoka, hasa kama uti wenyewe ulipasuliwa. Waelezeni jamaa mapema, kabla hajasafiri, kwamba udhaifu huo mara nyingi hupungua kwa wiki na miezi, maana nimeona familia ikiacha mazoezi kwa kudhani kwamba kisu kimemlemaza mtu wao. Mfundisheni mmoja wao kumgeuza kila saa mbili na kukagua visigino na makalio kila asubuhi, kwa sababu ngozi isiyohisi huoza kimya kimya. Kidonda kikitoa maji maangavu kama ya kisima, au kichwa kikimuuma anapoketi, utando huenda unavuja, na arudishwe kwa aliyempasua.

Mama yule wa mikeka sasa hutembea kwa mkongojo hadi barazani. Kila anapokuja kliniki mimi humhesabia hatua anazoweza kupiga kwenye ukumbi uleule na kuandika idadi katika faili lake, nami nawaomba mfanye hivyo kwa kila mgonjwa, kwa kuwa uvimbe unaorudi mara nyingi huonekana kwanza katika hatua zinazopungua.