Redio ya jeshi yenye Kirusi imefikaje Mwanjelwa?

SWALI: Habari mhariri, mi ni fundi redio hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kuna mzee kaniletea boksi la chuma zito balaa, anasema aliachiwa na mlowezi mmoja kule Mufindi, limeandikwa Wireless Set No. 19 na swichi zake zina Kiingereza na Kirusi. Ni ya nani hasa? Halafu jamaa yangu ananibishia eti redio za Mjerumani ndo zilikuwa kiboko. Sasa mbona alipigwa kwenye Vita ya Pili ya Dunia?

JIBU: Fundi, hiyo ni ya Muingereza, ya kwenye vifaru, walioibuni ni Pye wa Cambridge. Ila ukiona Kirusi ujue mara nyingi imeundwa Kanada, viwanda vya kule vilikuwa vinatengenezea jeshi la Muingereza na vingine vinapelekwa kwa Mrusi, sasa wakapiga lugha zote mbili kwenye paneli moja, yaani aipate yeyote atasoma.

Jamaa yako naye hajakosea sana. Mjerumani chasisi, yaani fremu ya ndani ya redio, alikuwa anaimwaga kwenye kalibu kwa aloi nyepesi, imenyooka kweli, na valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, hakutaka aina nyingi. Risiva yake ya mgongoni, yaani redio ya kupokea tu, Torn.E.b, ina valvu nne na zote ni RV2P800, kwahiyo hata ukiwa porini spea ya aina moja inatosha mashimo yote. Mi kama fundi naipenda hiyo kuliko kitu chochote. Ila kalibu za namna ile zinataka mashine nzuri na mikono iliyosoma kazi, na vita haikupi muda.

Mmarekani akaja na SCR-536, ya kushika mkononi, valvu tano, chaneli moja tu iliyofungwa kwa kristali, yaani kijipande cha jiwe la kwatzi kinachoshikilia masafa (frikwensi), ukivuta antena imewaka, basi, kuruta hana cha kukosea. Haifiki mbali lakini zilitoka zaidi ya laki moja. Kilichowatesa ni hizo kristali, mawe yenyewe yanatoka Brazil, na zilizosagwa zikikaa kidogo masafa yanahama zenyewe mpaka walipojua kumalizia kwa kuzichovya kwenye asidi badala ya kusaga tu.

Hiyo ya mzee usiichomeke ukutani! Inakula volti 12 za betri kupitia boksi lake la pembeni, na likiwaka linatoa zaidi ya volti 500. Muulize kama hilo boksi bado analo, maana bila hilo umeletewa pambo.