Usikate Bomba la Mdomoni: Kwa Anayeanza Kutengeneza Matarumbeta

Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi hapa Mbeya nililetewa tarumbeta la zamani la kikundi cha kanisa. Ilikuwa Julai, asubuhi, ile baridi ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mpigaji alilalamika kwamba sauti yake inakuwa chini ya ile ya kinanda hata akiisukuma hadi mwisho slaidi ya kutunia, yaani bomba la kuvuta na kusukuma la kurekebisha sauti. Nikachukua msumeno, nikakata sentimeta moja kwenye bomba la mdomoni, upande unaopokea kipulizio, nikalehemu, nikapokea hela yangu. Sauti ilipanda kweli. Ila noti za juu na za chini hazikuelewana tena, na hadi leo nikikutana na mzee wa kile kikundi naangalia pembeni.

Bomba la mdomoni ni ule mrija wa kwanza, kutoka kwenye kipulizio hadi slaidi ya kutunia, sentimeta ishirini na kitu. Kwa nje unaona bomba tu, lakini ndani linapanuka polepole. Kwenye matarumbeta mengi ya B bemoli huanza na karibu milimita 9 na kufikia kama 11.7. Mpanuko huo ndio unaopatanisha oktava. Nilipokata ncha nyembamba, nililifanya lianzie pale ambapo limeshapanuka.

Na kosa halikuwa la tarumbeta hata kidogo. Hewa ya ndani ikipoa kwa nyuzi 10, sauti hushuka karibu theluthi ya nusu toni. Kwa hiyo mwambie mpigaji alipashe kwa pumzi dakika tano kabla hujagusa tupa. Mafundi wa Dar wanaweza kulisahau hili. Sisi wa Mbeya, Tukuyu na Mufindi hatuwezi.

Uliza pia umri wa tarumbeta. Bendi nyingi za Uingereza zilipiga kwa noti ya A ya karibu hezi 452 hadi miaka ya 1960, ingawa 440 ilikubaliwa kimataifa tangu 1939. Tarumbeta la aina hiyo litakuwa juu ya kinanda. Dawa yake ni kurefusha njia ya hewa kama sentimeta 4 kwenye slaidi ya kutunia, yaani 2 kila mguu, na slaidi za vali nazo zivutwe kidogo. Bomba la mdomoni liache.

Ugonjwa halisi wa bomba hili ni kuoza. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, mara nyingi 70 kwa 30. Mate yakilala ndani, zinki inatoka na kubaki shaba nyekundu iliyolegea kama sifongo. Wapigaji wetu nao wanakunywa chai ya sukari na maandazi nyuma ya kanisa, wanapuliza, kisha tarumbeta linafungiwa kabatini kutoka Pasaka hadi Krismasi. Tafuta vidoa vya waridi vyenye nukta nyeusi katikati. Doa la uchafu hutoka ukisugua kwa Brasso, la kuoza halitoki. Na kwa kuwa uozo huanzia ndani, ukiona kidoa kimoja nje ujue ndani hali ni mbaya zaidi. Chomoa slaidi, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili.

Kama ni tundu moja, weka kiraka. Kata shaba chakavu nyembamba, ikunje kwenye chuma cha duara chenye unene wa bomba, isugue kwa msasa mpaka ing'ae, ifunge kwa waya mwembamba wa chuma, kisha lehemu kwa moto mdogo. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi, kwa hiyo mtungi wa kuchomelea mageti hauna kazi hapa. Viungo vya jirani vifunge kitambaa kibichi, la sivyo unabandika kimoja na kubandua vitatu. Lehemu isiingie ndani, na unawe mikono kabla ya kula.

Likiwa limeoza urefu mzima, badilisha. Nimeona watu wakiweka bomba la friji. Linapitisha hewa, ndiyo, lakini halina mpanuko, na tarumbeta linatoa sauti ya filimbi ya refa. Agiza bomba lililotengenezwa kwa kazi hiyo, na ukipata la shaba 85 kwa zinki 15 lichukue, maana halina haraka ya kuoza. Ukiliweka, acha nafasi ya kama milimita 3 kati ya ncha ya kipulizio na mwanzo wa bomba. Mapambo mengine, kama lile bomba la kinyume ambalo slaidi huvaa juu yake, sina haraka nayo kwenye chombo cha kale.

Kabla ya kulehemu moja kwa moja, shikiza bomba jipya kwa tepu na umwite mwenye tarumbeta apige skeli yake nzima, polepole, akiwa ameshalipasha. Akikunja uso, sogeza bomba milimita moja na mjaribu tena. Bomba la zamani lifunge kwenye gazeti umrudishie pamoja na mzigo wake, hata kama limeoza.