Mwanangu, umeniuliza kama uende kuwa balozi wa Papa

Mwanangu,

Leo sikuiti Padri. Najua hapo Tabora mpaka wazee wenye mvi wanakuita Padri, na mimi nikija na watu nakuita hivyohivyo, ila hii barua ni ya mama na mtoto kwa hiyo vumilia.

Meseji yako ya Jumapili nimeisoma mara nne, ya nne nimevaa miwani ya dada yako. Unasema mkubwa wako kakuuliza kama uko tayari kwenda Roma kwenye kile chuo wanachofundisha mabalozi wa Papa, na wewe unaniuliza mimi muuza dagaa, "Mama, hii ni kazi ya upadri kweli au ni siasa imevaa msalaba?" Hilo la kuvaa msalaba nimelicheka alafu nikakaa kimya muda mrefu, maana kuna balozi mmoja wa Papa niko naye kichwani zaidi ya miaka 20 na sijawahi kukusimulia.

Mwaka 2003 wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka madumu tu. Nilikuwa nafanya mawese. Yalikuwa yanatoka Rumonge, Burundi, kwa maboti yanashuka Kibirizi hapa Kigoma, na sisi tunayapokea pale mchangani tunaonja kwa kidole kama hawajachakachua. Sasa ilikuwa kati ya Noeli na mwaka mpya, niko na mama mmoja wa Rumonge tunahesabiana hela juu ya kanga, redio ya mwenye kibanda inaongea Kirundi. Mara yule mama akaacha kuhesabu. Mkono umebaki juu na noti ya elfu tano, kageuza sikio, alafu akasema taratibu, "Mana yanje, bamwishe." Wamemuua. Kiha na Kirundi si unajua ni ndugu, sikuhitaji mkalimani. Ile noti aliikunja akairudisha mkononi kwangu badala ya kuiweka kwenye fungu lake, na wala hakugundua, tukaja kuhesabu upya zote kuanzia mwanzo.

Aliyeuawa ni Askofu Mkuu Michael Courtney, balozi wa Papa Burundi, mtu wa Nenagh huko Ireland, miaka 58. Tarehe 29 Desemba gari lake lilipigwa risasi pale Minago, kama kilomita 50 kusini ya Bujumbura, barabara ileile ya kando ya ziwa inayoteremka mpaka Rumonge kwa yule mama. Akafia hospitali Bujumbura. Serikali ikasema ni waasi wa FNL, FNL wakakataa. Mimi sio hakimu, ila lililonikaa ni kwamba alikuwa anarudi msibani. Hakuwa anatoka ikulu wala hotelini kwenye mkutano, alikuwa kaenda kuzika.

Na ujue alikuwa mtu wa mazungumzo hasa. Alifika huko mwaka 2000, mwaka uleule wa mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi, ule aliouhangaikia Mwalimu mpaka akafariki 1999 Mandela akaubeba. Ulisainiwa Agosti 2000 lakini waasi wa CNDD-FDD na wa FNL hawakuwemo, kwa hiyo karatasi ikasainiwa na vita ikaendelea, na sisi huku Kasulu na Kibondo tukaendelea kuona makambi yanajaa, watu wanafika na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Courtney akawa mmoja wa waliokuwa wanasukuma pande zile ziongee, mpaka Novemba 16, 2003 serikali na CNDD-FDD ya Nkurunziza wakasaini Dar es Salaam. Wiki sita tu baadaye ndo ile noti ikabaki hewani Kibirizi.

Kwa hiyo swali lako, ni siasa au siyo? Ni siasa mwanangu, nisikudanganye. Utakaa na mawaziri, utakunywa juisi kwenye sherehe za taifa za watu, utaandika ripoti kwenda Roma usiku wakati wenzako wanaungamisha. Lakini angalia ni siasa ya nani. Vatican ni hekta 44, kuna mashamba ya tumbaku huko Urambo yanaishinda, na haina jeshi ukiacha wale walinzi wa Uswisi na mikuki yao. Mtu wa hivyo akiingia kwa rais hana cha kumtishia wala mkopo wa kumpa, ana mdomo tu na masikio. Ndo maana anaweza kwenda kwa huyu na kwa yule adui yake, wote wakamfungulia. Naona hapo kuna upadri, tena mwingi.

Sehemu kubwa lakini sio vita, ni mafaili. Unakumbuka Juni 2012 Askofu Rugambwa alipoitwa Roma, jimbo letu la Kigoma likakaa bila askofu mpaka 2014? Jumuiya nzima inaniuliza mimi, Mama Padri, lini tunapewa, kana kwamba nina simu ya Papa. Kumbe ndo kazi ya nunsio, yaani huyo balozi wa Papa, anaulizia kimyakimya kwa mapadri na walei, kila mtu kafungwa na siri, alafu anapeleka Roma majina matatu. Akikosea wanaoumia ni watu kama sisi na hatutamjua kwa sura. Hiyo kwangu ni nzito kuliko bendera ya kwenye gari.

Watu wa hapa wakisikia Rugambwa wanachanganya. Kuna Laurean, kardinali wa kwanza Mwafrika, 1960. Kuna Protase, huyu aliyekuwa wetu na sasa ni kardinali hapo kwenu Tabora. Na kuna Novatus, naye wa Bukoba, huyo ndo alikuwa balozi hasa, Angola na São Tomé tangu 2010, alafu Honduras 2015, alafu New Zealand 2019 na visiwa vya Pasifiki juu yake. Hebu fuatisha kwa kidole kwenye ramani. Mtoto wa Bukoba, kila akianza kujua majina ya watoto wa jirani anafunga sanduku. Na uaskofu mkuu wanaopewa ni wa jimbo ambalo halipo tena, jina tu la zamani, hakuna hata bibi mmoja wa kukuletea kuku siku ya somo wako. Wewe unayependa kuku!

Hapo ndo penye hofu yangu, sio risasi. Baba yako alivyofariki ulifika na treni kesho yake asubuhi ukamzika wewe mwenyewe kwa mikono yako. Mimi nikifa na uko Honduras utakuta wameshanianua tanga. Nimelifikiria hilo usiku wa Jumapili wote na wa Jumatatu, Jumanne nikalala.

Nenda. Ila mwambie mkubwa wako ukweli kwamba Kiingereza chako ni kizuri na Kifaransa chako ni cha kuombea maji, kule wanataka lugha na sheria za kanisa mpaka zikutoke puani. Kingine nilichosikia, tangu 2020 Papa Francis aliweka kwamba wanaosomea hiyo kazi lazima wafanye mwaka mmoja wa umisionari nje ya jimbo lao. Ukiulizwa unataka wapi, omba sehemu yenye ziwa au mto, usiombe mjini. Na popote utakapopelekwa misiba ya watu uende, hata dereva akikwambia barabara sio nzuri... hapana, dereva msikilize. Muulize kwanza alafu uende mchana.

Dumu la mawese nimempa kondakta wa basi la kesho, lita tano, ni ya Rumonge, yule mama bado yupo, sasa anamtuma binti yake. Mfuniko nimeuzungushia nailoni mara tatu ila ukilipokea usililaze.

Mama yako
Kigoma